Mwalimu mstaafu anauliza: nitatembeaje Istanbul siku nne bila kujua Kituruki?

*"Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ninaishi Tanga, nina miaka 61. Mwanangu anayesoma Ujerumani amenikatia tiketi niende kumwona, na wakati wa kurudi nitakaa Istanbul siku nne peke yangu, niuone mji ambao nimeutaja darasani miaka mingi bila kuuona. Sijui neno hata moja la Kituruki, na Kiingereza changu ni cha kusoma kuliko cha kusema. Jirani aliyewahi kwenda huko kununua nguo za biashara anasema nisipokuwa na kundi nitaibiwa na nitapotea. Mwanangu anasema nisijali, simu itanitafsiria kila kitu. Nina kisukari, ninameza vidonge. Je, nilipie kundi la watalii, nibaki karibu na hoteli, au nithubutu kutembea mwenyewe? Ninachokiogopa zaidi ni kusimama katikati ya watu nikiwa kama bubu."*

Mwalimu, shikamoo. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na ninavyoona, hofu ya kuibiwa na kupotea umepewa na jirani; hofu yako mwenyewe ni hiyo ya mwisho, ya kuwa bubu mbele za watu. Nitaanza na hiyo, kwa sababu ikishaondoka, hayo mengine yanakuwa mambo ya kupanga tu. Na ili usisome ukiwa na wasiwasi, jibu langu ni hili: tembea mwenyewe. Nusu ya siku ya kwanza tembea na mtu anayeujua mji, kisha siku zilizobaki ziwe zako. Nimefanya ukalimani na kutembeza wageni kutoka kwetu katika mji huu kwa miaka mingi, na simwambii hivi kila anayeniuliza.

Ububu unaouogopa hautokei kama unavyoufikiria. Mtu akisema mgeni asiyejua lugha hawezi kuelewana na watu, anafikiria mazungumzo ya barazani, ambayo hayana mpaka. Mazungumzo ya mtalii yana mipaka finyu sana. Chukua muuza simit, ule mkate wa mviringo uliopakwa ufuta, anayesimama na kigari chake kandoni mwa barabara. Mtu akimsogelea, anangoja kujua mambo matatu tu: upi, mingapi, na pesa. Mahali penyewe pameshasema sehemu kubwa ya sentensi kabla hujafungua mdomo, na wewe unakuja kuimalizia kwa kidole na kwa namba. Umefundisha darasa la kwanza, kwa hiyo jambo hili unalijua kuliko mimi: mtoto anaelewa "funga mlango" kwa kuutazama mkono wako na mlango, muda mrefu kabla hajayajua maneno yenyewe. Kwenye kituo cha tramu, kwenye dirisha la tiketi, kwenye mgahawa na dukani, hali ni hiyo hiyo, na maswali utakayoulizwa katika kila mahali hayazidi mawili au matatu.

Panapoharibika ni pale tunapopeleka huko mpangilio wetu wa kuzungumza. Sisi tumelelewa kuanza mbali: samahani, habari za kazi, poleni na jua, naomba kuuliza, hivi eti nikitaka kwenda mahali fulani. Kwetu hiyo ni adabu. Kwa mtu asiyeijua lugha yako, ni furushi asilojua alifungulie wapi, na uso wake ukionyesha kuchanganyikiwa, wewe unadhani amekukasirikia. Kwa hiyo anza na kiini. Salimu kwa neno moja, *merhaba*, kisha sema jina la mahali unapokwenda kwa sauti ya kuuliza, "Sultanahmet?", huku mkono ukielekea upande unaoudhania. Atakujibu kwa mkono. Shukuru, endelea. Adabu yako itabaki na mahali pake, maana Kituruki kina salamu ambayo Mswahili yeyote ataipenda. Ukimkuta mtu kazini, awe mfagizi, dereva au muuza duka, unamwambia *kolay gelsin*, yaani kazi na ikuwie nyepesi. Ni "pole na kazi" yetu, na huko haisemwi sana na watalii. Nimeona nyuso zikifunguka kwa maneno hayo mawili kuliko kwa sentensi kumi za Kiingereza.

Hapo hapo nikuonye juu ya neno moja. Usimwite mwanamume "kaka". Kwa Kituruki neno hilo ni la watoto wadogo na maana yake ni kinyesi, na wewe utalitoa kwa mazoea pale unapotaka kumsimamisha mtu. Sema *abi*, ambalo ndilo "kaka" lao, na kwa mwanamke *abla*, yaani dada mkubwa. Wao pia huwaita watu wasiowajua kwa majina ya ukoo. Wewe kwa umri wako wataku­ita *teyze*, mama mdogo, na ukilisikia nyuma yako, huenda mtu anakuonyesha kwamba umedondosha mtandio.

Jambo jingine linawaumiza wageni wetu bila sababu. Utamwuliza muuzaji kama ana kitu fulani, naye atainua nyusi, atarudisha kichwa nyuma kidogo na kutoa mlio wa ulimi kwenye meno, "tsk". Kwetu aliyefanya hivyo amekusonya. Mwaka wangu wa kwanza, muuza matunda mmoja mzee alinifanyia hivyo nilipoulizia machungwa, nikaondoka nimenuna, na kwa wiki nzima nilizunguka njia ya nyuma ili nisipite mbele ya meza yake. Baadaye nikafundishwa kwamba ule ni mwili wa neno "hapana" tu, tena hapana isiyo na ubaya wowote. Machungwa yalikuwa yamekwisha. Wapo kwetu wanaoinua nyusi kwa maana ya "ndiyo", kwa hiyo hesabu makosa mawili hapo: unaweza kuudhika bure, au ukadhani umekubaliwa kumbe umekataliwa. Ukiona nyusi zimepanda, chukulia kwamba hakuna, kisha nenda duka la pili.

Sasa nije kwenye kile unachosema hujui neno hata moja. Si kweli, Mwalimu. *Dakika* ni dakika. *Saat* ni saa, *kitap* ni kitabu, *kalem* ni kalamu, *haber* ni habari, *sabun* ni sabuni, *asker* ni askari, *dünya* ni dunia, *sıfır* ni sifuri, *pilav* ni pilau, *çay* ni chai na *kahve* ni kahawa. Ukimaliza kula, unaomba *hesap*, nayo ni hesabu. Ukitaka bei unauliza *ne kadar?*, na hilo *kadar* ni "kadiri" yetu ile ile. Maneno haya hatukuazimana sisi na Waturuki. Mengi yalitoka katika Kiarabu na Kiajemi, yakaingia kwao kwa njia ya dini, dola na biashara, na kwetu kwa njia ya dini na majahazi. Yapo yaliyogeuka njiani: *misafir* kwao ni mgeni, si msafiri, na *mahalle* ni mtaa, ingawa imetoka kwenye shina moja na "mahali". Hilo la mwisho litakufaa sana kwa sababu kila anwani ya Istanbul ina jina la *mahalle*, kisha la barabara kubwa, *cadde*, au la kichochoro, *sokak*. Usilisome *sokak* kama sokoni. Soko wao huliita *çarşı* au *pazar*.

Na utaweza kuyasoma. Mwaka 1928 Uturuki iliacha hati za Kiarabu ikachukua herufi za Kilatini, na waliozipanga walizingatia kwamba kila herufi iwe na sauti yake, kama ilivyo katika Kiswahili. Kwa mwalimu wa darasa la kwanza hilo ni kazi ya jioni moja. Herufi *c* ni "j" yetu, kwa hiyo *cami*, yaani msikiti, ni "jami". *Ç* ni "ch", *ş* ni "sh", *ğ* haitamkwi bali huirefusha irabu iliyotangulia. *Ö* na *ü* utazipata kwa kukunja midomo unaposema "e" na "i", na *ı* isiyo na nukta ni sauti fupi ya kooni ambayo hata ukiikosea hakuna atakayekulaumu. Jizoeze kutamka majina ya vituo kwa sauti kabla hujaondoka nyumbani. Mtu anayesema "Karaköy" vizuri huonyeshwa njia. Anayelivunja jina hutazamwa tu, kwa sababu msikilizaji hana pa kushika.

Maneno machache ya kwenye milango yahifadhi kichwani. *Giriş* ni kuingia, *çıkış* ni kutoka, *açık* ni wazi, *kapalı* ni kumefungwa. Soko Kuu maarufu linaitwa Kapalıçarşı, soko lililofunikwa, kwa neno hilo hilo. Hufungwa Jumapili, na Jumapili kwa Kituruki ni *Pazar*, neno ambalo pia maana yake ni soko, kwa hiyo usichanganyikiwe ukiliona kwenye kibao cha siku. Kasri la Topkapı hufungwa Jumanne, *Salı*. Lile la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu, *Pazartesi*. Panga siku zako nne kwa kuangalia hizo tatu kwanza.

Mwanao ana haki kuiamini simu, lakini si kwa kiasi hicho. Kiswahili na Kituruki ni ndugu wa tabia ingawa si wa damu: vyote viwili hujenga neno refu kwa kuunganisha vipande, sisi tukiviweka zaidi mbele, wao wakiviweka nyuma, na vyote viwili havitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye". Lakini programu za tafsiri mara nyingi hazitoki Kiswahili kwenda Kituruki moja kwa moja; hupitia Kiingereza katikati, na hapo ndipo sentensi ndefu inapopoteza viungo vyake. Dawa ni kuandika sentensi fupi yenye jambo moja, bila methali wala maneno ya mtaani, kisha kuigeuza tafsiri irudi Kiswahili uone kama bado ni wewe uliyesema. Pakua lugha ya Kituruki kwenye simu ukiwa bado na intaneti ya nyumbani, ili ifanye kazi hata mtandao ukikatika. Kwa orodha ya vyakula na vibao tumia kamera. Hapo simu ni msaada mkubwa kuliko inapotafsiri sauti yako barabarani penye kelele. Na kwa kuwa unasoma Kiingereza, katika makumbusho makubwa utakuta maelezo yameandikwa Kituruki na Kiingereza pamoja. Huko hutakuwa bubu hata kidogo, utakuwa msomaji.

Kuna kitu kimoja ambacho simu itakikosea na gharama yake ni kubwa, nacho ni saa. Zamani nilimwandikia dereva mmoja kwa Kiswahili, kupitia simu, anichukue "saa mbili asubuhi". Simu ikamwandikia *saat iki*, akanipigia saa nane ya usiku akiwa mlangoni, na alikuwa na haki ya kukasirika. Kwa hiyo usitafsiri saa kamwe. Andika tarakimu: 08:00, 14:30. Huna haja ya kurekebisha saa yako ya mkononi, kwa sababu Uturuki ina saa zile zile za Afrika Mashariki mwaka mzima. Ni namna ya kuzitaja tu inayotofautiana. Na hata hiyo ni tofauti ya juzi. Hadi sheria ya mwisho wa mwaka 1925 ilipowaleta kwenye saa za kimataifa, Waturuki nao walikuwa wakihesabu saa kuanzia machweo, na jua likizama ni kumi na mbili kamili, kama kwetu.

Nikirudi kwenye uchaguzi wako: kundi la watalii lina faida ya kweli. Huna pa kupotelea, foleni za tiketi zinashughulikiwa, na kuna mtu wa kumwambia unapojisikia vibaya. Lakini utasikiliza maelezo ya Kiingereza cha kusemwa, ambacho ndicho kinachokupa shida, utatembea kwa mwendo wa watu wengine, na chakula kitakuja kwa ratiba yao, si ya vidonge vyako. Kwa mwenye kisukari hilo si dogo. Mtu wa kukuongoza peke yako ni ghali zaidi kwa saa, lakini unamhitaji kwa saa nne tu. Mwongoza watalii wa Uturuki lazima awe na leseni ya serikali, na huvaa kitambulisho chake shingoni. Mwombe akuonyeshe, na umpate kupitia hoteli, si mtu aliyekufuata uwanjani. Usimtumie kukusimulia historia, ambayo wewe waijua. Mtumie akufundishe mji: mnunue pamoja kadi ya usafiri, mpande tramu, mpande boti, mle mahali pamoja, na mrudi hotelini kwa njia ambayo kesho utaipita peke yako. Kubaki karibu na hoteli siku zote nne sikushauri. Utachoka kwa kukaa, na utaondoka umeona ukuta.

Hoteli yenyewe iwe karibu na njia ya tramu ya T1, ikiwezekana maeneo ya Sultanahmet au Sirkeci. Njia hiyo ndiyo uti wa mgongo wa mji wa kale. Kituo cha Sultanahmet kinakushusha baina ya Ayasofya (Hagia Sophia) na Msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita. Gülhane ni kwa Topkapı. Beyazıt ni kwa Soko Kuu. Eminönü ni kwa boti. Halafu tramu inavuka daraja la Galata kwenda Karaköy hadi Kabataş. Upande mwingine kuna Laleli, penye maduka ya nguo za jumla, na nadhani jirani yako mji wake wa Istanbul ulikuwa huo, wa mabegi, haraka na pesa taslimu mfukoni. Hofu yake ina msingi kwa aliyebeba mtaji wa biashara. Wewe hutakuwa umeubeba. Kadi ya usafiri inaitwa İstanbulkart. Utaipata kwenye mashine zilizoko vituoni, nazo hukuruhusu kuchagua lugha, na kadi hiyo moja unaigusisha kwenye tramu, basi, metro na boti. Ukitumia Marmaray, treni inayopita chini ya bahari tangu mwaka 2013, utakatwa nauli ya safari nzima unapoingia. Unapotoka gusisha kadi kwenye kifaa kilichoandikwa *iade* urudishiwe ziada.

Ayasofya inahitaji maelezo kwa sababu ndipo wageni wengi wanapozozana na walinzi bila kuelewana. Jengo lilikamilika mwaka 537 likiwa kanisa, likawa msikiti mwaka 1453, likageuzwa makumbusho kwa uamuzi wa mwaka 1934, na mwaka 2020 likarudi kuwa msikiti. Tangu Januari 2024 kuna milango miwili: watalii huingia kwa tiketi, tena ghali, na kupelekwa ghorofa ya juu, ambako ndiko zilikozo picha maarufu za vijiwe vya rangi, wanaokwenda kuswali huingia chini bila malipo kwa mlango mwingine. Kama wewe ni Muislamu na unakwenda kuswali, mlango wako ni huo wa pili, na mlinzi akikunyooshea upande mwingine haina maana kwamba amekufukuza, amekudhania mtalii. Katika misikiti yote jifunike kichwa, viatu vivuliwe, na usijaribu kuingia kutalii wakati wa swala, hasa Ijumaa mchana. Yerebatan, lile birika la maji la chini ya ardhi lililo jirani, halihitaji lugha kabisa. Ni nguzo 336 zimesimama gizani juu ya maji, na mwishoni kabisa nguzo mbili zimekalia vichwa vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, kimoja kimelala ubavu na kingine kimepinduliwa juu chini. Simama hapo kwa muda utakao.

Lakini kama ningekuwa na saa mbili tu za kukupa katika mji huu, ningekupeleka kwenye boti ya abiria ya Eminönü kwenda Üsküdar. Ni chombo cha kawaida cha watu wanaotoka kazini, kama pantoni ya Kigamboni, nawe unavuka nacho kutoka Ulaya kwenda Asia kwa muda usiofika nusu saa. Gati huitwa *iskele*, na kila gati ina jina la uendako limeandikwa juu ya mlango, kwa hiyo huna wa kumwuliza: tafuta ÜSKÜDAR, gusisha kadi, ingia. Pale nje kutakuwa na watu wanaopiga kelele "Boğaz! Boğaz!" wakiuza safari za mlango wa bahari wa Bosporus, wapite. Kaa benchi la nje upande wa nyuma. Muuza chai atapita na sinia, chai ndani ya vikombe vidogo vya kioo vilivyobanwa kiuno, na vipande vya sukari vimewekwa pembeni ya kisahani, havijatiwa. Chukua kikombe, sukari iache. Abiria watawamegea shakwe vipande vya simit, na nyuma yao utaona kilima kizima kikisogea mbali: kasri, Ayasofya, minara sita, na kwa mbali msikiti wa Süleymaniye, kazi ya mjenzi Mimar Sinan. Hakuna atakayekuuliza kitu. Ukifika, tembea kandokando ya maji kuelekea mnara mdogo uliosimama baharini, Kız Kulesi, kisha rudi kwa boti ile ile. Ukishavuka hivi mara moja peke yako, siku inayofuata utakuwa mtu mwingine.

Kupotea utapotea kidogo, na hakuna ubaya. Mji wa kale umekaa juu ya vilima vyenye maji pande tatu. Ukiteremka kwa kutosha mara nyingi utafika kwenye maji au kwenye reli za tramu, na reli zitakurudisha. Chukua kadi ya hoteli yenye anwani siku ya kwanza na usitoke bila hiyo. Kuhusu udanganyifu, nimejifunza kanuni moja isiyoniangusha: anayekufuata wewe na kukuzungumzisha kwa ufasaha katika uwanja wa watalii ana jambo lake, na wa kumwuliza njia ni yule ambaye hakuwa amekutazama, kama mfamasia, mama mwenye watoto au mwanafunzi mwenye mkoba. Mng'arisha viatu akidondosha brashi mbele yako, usiiokote, maana atasisitiza kukushukuru kwa kukupiga rangi kisha adai malipo makubwa. Teksi ziwe za kuitwa na hoteli au kwa programu ya BiTaksi, na mita iwake. Dukani, bei iandikwe kwenye kikokotoo cha simu kabla hujatoa pesa. Na kabla ya yote hayo, angalia tiketi yako imeandikwa uwanja gani wa ndege, kwa sababu Istanbul ina viwili vikubwa, kimoja upande wa Ulaya na kingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia, na kwenda kwenye kisicho chako ni kuikosa ndege.

Kisukari ndicho kitu pekee katika swali lako ambacho sitaki ukishughulikie kwa kusoma majibu ya mtu kama mimi. Kabla ya safari mwone daktari wako ana kwa ana, umwambie kwamba utatembea kwa miguu kuliko kawaida na kwamba saa za chakula zitayumba, umwulize kama vidonge vyako ni vya aina inayoweza kuishusha sukari chini mno, na akupe barua yenye majina ya dawa kwa Kiingereza. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la kupakia, na nyingine kidogo za ziada kama ndege itachelewa. Katika mgahawa, kipande *-siz* maana yake ni "bila": *şekersiz* ni bila sukari, na chumvi, *tuz*, inakuwa *tuzsuz*. Kahawa ya Kituruki hupikwa pamoja na sukari yake, kwa hiyo sema *sade* kabla haijapikwa. Duka la dawa ni *eczane*, lina herufi E nyekundu, na usiku huwa lipo la zamu. Orodha ya yaliyo wazi hubandikwa kwenye mlango wa yaliyofungwa. Ukipoteza pasipoti au ukiibiwa, nenda kwa polisi wa utalii, *Turizm Polisi*, wenye ofisi yao hapo Sultanahmet, na wape taarifa ubalozi. Tambua tu kwamba ubalozi wa Tanzania uko Ankara, si Istanbul. Namba ya dharura ya kila aina ni 112.

Sukari ikishuka, mtu hutoka jasho, hutetemeka na akili huchanganyikiwa, na wakati huo hata Kiswahili huwa kigumu kukisema. Hapo usitegemee simu. Waturuki huuita ugonjwa wako kama tunavyouita sisi, ugonjwa wa sukari, na maneno haya yanatosha kwa yeyote atakayeyasoma: *Şeker hastasıyım. Şekerim düştü. Lütfen bana şekerli bir şey verin ve 112'yi arayın.* Yaani nina kisukari, sukari yangu imeshuka, tafadhali nipeni kitu cha sukari na mpige 112. Yaandike kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wako wa ubaoni, kwenye kipande cha karatasi ngumu, chini yake jina la hoteli na namba ya mwanao. Kimoja kiweke kwenye mkoba wa dawa, na cha pili kwenye mfuko wa nguo uliyovaa, pamoja na peremende tatu au nne.